Tozo, makubaliano au tangi la zawadi? Tuchague kabla hatujampokea mjenzi wa apartimenti

Nyuma ya skuli kwetu, huku pwani ya mashariki Unguja, kuna tangi jeusi la lita elfu kumi limekaa juu ya nguzo za zege. Tulipewa na mjenzi mmoja wa villa, jina lake naliacha. Siku ya kukabidhi kulikuwa na maturubai, biriani, picha, na hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe. Pampu ilikuja, waya wa umeme haukuja. Baada ya mwezi hivi pampu nayo ikachukuliwa "kwenda kutengenezwa" na mpaka leo inatengenezwa. Sasa hivi kivuli cha lile tangi ndo pahala pa mbuzi wa jirani, ikifika saa saba mchana wanajipanga wanakifuata kinavozunguka, na watoto wakiligonga kwa jiwe linalia ngoooo, tupu.

Tulipokwenda kuuliza tukaambiwa yule aliyejenga ameshauza zile villa zote, sasa kuna kampuni nyengine ya kusimamia, na wao hiyo ahadi hawaijui. Haya bwana.

Sasa anakuja mwengine. Huyu anataka apartimenti 40. Barazani watu wameshagawanyika, kuna wanaosema tumwambie atujengee barabara ya kutoka lami mpaka pwani, kuna wanaosema hapana atupe pesa mkononi tutajua wenyewe, vijana wanataka uwanja wa mpira, na kuna Mzee mmoja kila siku anasema "mgeni njoo mwenyeji apone" na hapo hapo anaagiza kahawa ya pili. Mie nimekaa usiku kadhaa nikisoma wenzetu wanafanyaje, hasa Uingereza kwa sababu wao hili la kumtoza mjenzi achangie barabara, skuli na zahanati wamelibishania miaka na miaka, wamebadilisha sheria, wakataka kubadilisha tena, wakaghairi. Nimeziweka njia zao pembeni ya hali yetu tuone ipi inatufaa. Sio mwanasheria mie, nauza vifaa vya umeme, lakini hesabu naijua.

Na tusijidanganye kwamba hili ni jambo dogo. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, sensa ya 2022 tumekuwa 1,889,773. Hapo hujaweka wageni wa hoteli, na hujaweka hizi apartimenti zinazouzwa kwa watu wa nje. Mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 kwenye mradi uliopitishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, anaweza kuomba kibali cha kuishi, ndo maana mabango ya apartimenti yamejaa kuanzia Fumba mpaka huku kwetu. Bomba la maji linalokuja kijijini ni lile lile.

Ili tuelewane nitatumia mfano mmoja kote, nimeutunga mwenyewe, msije mkaubeba kwenda nao ofisini. Apartimenti 40, kila moja skwea mita 60, jumla skwea mita 2,400. Bei ya kuuzia tuseme dola 90,000 kila moja, jumla dola milioni 3 na laki 6.

Njia ya kwanza: kukaa mezani na kukubaliana

Hii ndo tunayoijua, ila sisi tunaifanya kwa mdomo na biriani. Uingereza wanaiita makubaliano ya kifungu cha 106, kipo kwenye sheria yao ya mipango miji ya mwaka 1990. Kabla mjenzi hajapewa kibali anakaa na halmashauri, wanaandikiana: utajenga nyumba kadhaa za bei nafuu, utalipia madarasa mawili, utatengeneza njia panda ile pale. Na sio kila kitu kinaruhusiwa kuombwa, kuna masharti matatu. Liwe jambo ambalo bila ya hilo mradi usingefaa kukubaliwa, liwe linahusiana moja kwa moja na mradi wenyewe, na ukubwa wake ulingane na mradi. Yaani huwezi kumwambia mwenye nyumba kumi akujengee uwanja wa ndege, na huwezi kumwambia akununulie diwani gari.

Masharti haya nimeyapenda kwa sababu yanatukata hata sisi. Ule uwanja wa mpira wa vijana haupiti hapo. Apartimenti 40 haziharibu mpira wa mtu. Maji, maji taka na barabara ndo zinaharibu.

Uzuri mwengine, makubaliano yale yanaandikwa juu ya ardhi. Mjenzi akiuza, anayenunua ananunua na deni. Hapa ndo tangi letu lilipopotelea, maana ahadi ilikuwa ya mtu na mtu akaondoka nayo.

Lakini ina ugonjwa wake mkubwa. Mazungumzo yanakwenda kwa nguvu ya wanaozungumza. Halmashauri tajiri ina wanasheria na wapimaji, inapata vingi, halmashauri masikini inapata makombo. Halafu kuna mchezo mmoja: mjenzi anakubali kila kitu mwanzo, akishapata kibali anarudi na makaratasi anasema jamani nimepiga hesabu mradi haulipi, nipunguzieni. Miongozo yao wenyewe inakubali kwamba faida ya asilimia 15 mpaka 20 ya thamani ya mauzo ni ya haki kwa mjenzi, kwa hiyo akionesha kwa makaratasi kwamba anashuka chini ya hapo, anaanza kukatiwa, na cha kwanza kukatwa mara nyingi ni nyumba za bei nafuu. Makaratasi yenyewe yalikuwa siri ya biashara. Mwaka 2018 ndo wakabadilisha mwongozo, hesabu hizo kwa kawaida ziwekwe hadharani na zipigwe mapema wakati wa kutunga mpango wa eneo, sio baada ya mtu kushanunua ardhi.

Jiulizeni sasa, siku hiyo ya mezani upande wetu anakaa nani? Sheha (kiongozi wa serikali hapa kijijini), mwalimu mkuu, na mie na kalkuleta. Upande wa pili mwanasheria kutoka mjini na mhasibu na kijana mwenye leptop ya kuonesha picha za mabwawa ya kuogelea. Tutakula soda tutasaini.

Njia ya pili: bei moja kwa kila skwea mita

Hii wameitunga kuukwepa huo ugonjwa. Sheria yao ilipita 2008, ikaanza kazi 2010, wanaiita tozo ya miundombinu ya jamii. Halmashauri inapanga bei kwa skwea mita, inaitangaza, mkaguzi huru anaikagua kabla haijaanza, na baada ya hapo hakuna mazungumzo, unajenga nyumba mpya ya kuishi au jengo la kuanzia skwea mita 100 unapiga hesabu mwenyewe unajua utalipa kiasi gani. Bei inaweza kutofautiana, mtaa ghali bei juu, mtaa wa hali ya chini hata sifuri. Anayejijengea nyumba yake mwenyewe ya kuishi anaweza kusamehewa, nyumba za bei nafuu nazo zinasamehewa. Sio lazima kwa kila halmashauri, ziko nyingi ambazo hazijaipitisha mpaka leo.

Malipo yanaanza kazi inapoanza. Mjenzi anatoa taarifa ya siku ya kuanza na kama halmashauri haijaweka utaratibu wa awamu basi pesa yote inadaiwa ndani ya siku 60. Sio baada ya kuuza, sio "tutaona".

Na kitu kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni hichi: sehemu ya pesa ni lazima irudi pale pale ulipojengwa mradi. Asilimia 15 inakwenda kwa baraza dogo la kijiji au mtaa, na kuna kikomo kinachofuata idadi ya nyumba zilizopo. Ila kama watu wa pale wameshatunga mpango wao wa eneo na wameupigia kura, inakuwa asilimia 25 bila kikomo hicho. Yaani kijiji kilichojipanga kinapata zaidi. Kwa mfano wetu, tuseme bei ni dola 20 kwa skwea mita, skwea mita 2,400 inakuwa dola 48,000. Asilimia 15 ni dola 7,200. Asilimia 25 ni dola 12,000. Tofauti ya dola 4,800 kwa sababu tu watu walikaa wakachora ramani yao wakaandika tunataka nini. Sisi hata njia ya kupitia wavuvi kwenda pwani hatujaiandika popote, kila mtu anaijua kichwani, na ndo maana kila mwaka inapungua upana.

London waliitumia kwa jambo kubwa kabisa, Meya alianzisha tozo yake 2012 ikachangia reli mpya inayopita chini ya mji, kila mjenzi wa wilaya zote akachangia hata kama reli haipiti mlangoni kwake. Ndo nguvu ya tozo hiyo, vidogo vidogo vinakuwa kimoja kikubwa. Makubaliano ya mmoja mmoja hayawezi kujenga bomba kuu la maji kutoka chanzo mpaka pwani, kila mmoja atajenga kipande mbele ya geti lake.

Ubaya upo. Kwanza pesa zinalala. Mwaka 2024 chama cha wajenzi wa nyumba kule kilisema halmashauri za England na Wales zimekalia zaidi ya pauni bilioni 8 za wajenzi ambazo hazijatumika, tozo na makubaliano pamoja. Hao ni wajenzi wenyewe wanaosema, wana sababu yao ya kusema, lakini hata ukikata nusu bado ni nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo lakini skuli haipo.

Pili, na kwetu hili ndo kubwa, skwea mita haijui maji. Kuna utafiti uliotoka 2012 uliopima Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilikuwa inatumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha gesti lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Pigeni hesabu, chumba kimoja cha nyota tano ni sawa na kaya 34. Sasa ukitoza bei moja kwa skwea mita, ghala la saruji la skwea mita 500 linalipa sawa na villa za skwea mita 500 zenye mabwawa ya kuogelea na bustani za majani ya kijani kwenye mawe makavu ya huku kwetu, na ghala linatumia ndoo mbili za kufagilia.

Na huku kwetu chini ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu kama sponji. Ukivuta maji mengi kisimani chumvi inaingia, ukichimba karo bovu uchafu unashuka unakutana na yale yale maji. Bi mmoja pale kijijini kisima chake cha tangu enzi za babu yake sasa anakitumia kuoshea vyombo tu, chai ikipikwa kwa maji yake unaihisi chumvi hata ukizidisha sukari. Hakuna tozo ya skwea mita inayomlipa yeye.

Njia ya tatu: asilimia ya bei ya kuuzia

Hii ndo ile waliyotaka kuleta wakaghairi. Agosti 2020 serikali yao ilitoa waraka ikasema tufute makubaliano na tozo, tuweke tozo moja tu, asilimia ya thamani ya mradi ukishakamilika. Ikaingia kwenye sheria, ikasainiwa Oktoba 2023. Chama kingine kikashinda uchaguzi 2024, kikasema hatutaitekeleza, tutabaki na utaratibu uliopo wa makubaliano na tozo na tuuboreshe. Kwa hiyo ipo kwenye vitabu, barabarani haipo.

Kwa maneno inavutia. Bei ikipanda na kijiji kinapanda, bei ikishuka mjenzi hafi. Kwa mfano wetu asilimia 1.5 ya dola milioni 3.6 ni dola 54,000, kubwa kuliko ile ya skwea mita. Lakini halmashauri nyingi zililalamika mambo mawili. Moja, pesa inakuja mwisho wakati watu wameshahamia, watoto wameshajaa skuli, kwa hiyo halmashauri ikope kwanza ijenge halafu isubiri. Halmashauri ya London inaweza kukopa. Yetu ikakope wapi? La pili, thamani ni nani anaipima?

Hapo ndo mie nimeitoa kabisa. Apartimenti zinauzwa kwenye simu, mnunuzi yuko Ulaya au Ghuba, analipa kwa awamu kwenye akaunti ambayo hata haipo nchini, samani zinaingizwa kwenye bei au zinatolewa kwenye bei kwa kadiri inavofaa. Mjenzi akiandika kila moja imeuzwa dola 60,000, ile 54,000 yetu inakuwa 36,000, na hakuna hata mtu mmoja wa halmashauri atakayepanda ndege kwenda kumuuliza mnunuzi. Ukweli kuna kinga moja ya ajabu, yule anayetaka kibali cha kuishi hawezi kuandikiwa chini ya dola 100,000, atataka bei iandikwe kamili, hata izidi. Lakini kinga hiyo haiwafikii hawa wa dola 90,000, na huwezi kusimamisha bajeti ya maji ya kijiji juu ya tamaa ya mtu ya kibali.

Skwea mita haifichiki. Mjumbe wa kamati akienda na tepu anapima.

Njia ya nne: ajenge mwenyewe

Watu wengi barazani wanaipenda hii kwa sababu pesa hazipiti mikono ya mtu. Nawaelewa. Na kwa mradi mkubwa inafaa kweli, tazameni mji mpya wa Fumba kule Magharibi B, mjenzi anaweka barabara za ndani mwenyewe na mabomba yake mwenyewe kwa sababu asipoweka hauzi nyumba hata moja. Lakini tazameni vizuri mipaka: anajenga ndani ya eneo lake, kwa faida ya mteja wake. Nje ya geti ni habari nyengine.

Tangi letu lilikuwa njia hii. Kujenga ni siku moja, kulisha ni miaka, na kilichojengwa bila bajeti ya umeme na fundi kinakuwa kivuli cha mbuzi. Mkiichagua hii basi kwenye karatasi iandikwe nani analipa umeme wa pampu, ZAWA, yaani mamlaka ya maji, wanalipokea au hawalipokei, na kwa muda gani mjenzi analitunza. Bila hivyo heri asitupe.

Kuna na ya tano, ya kodi ya ardhi, naipita haraka. Hong Kong ardhi karibu yote ni ya serikali, mjenzi anakodi na akitaka kujenga zaidi ya alichoandikiwa analipa tofauti ya thamani, na serikali imejenga mengi kwa pesa hizo. Sisi pia ardhi yote ni ya Serikali tangu Mapinduzi na sheria ya ardhi ya 1992 inasema hivyo, wawekezaji wanakodishwa, kwa hiyo kimaumbile tuko karibu na Hong Kong kuliko London. Ila kodi hiyo ni ya Serikali Kuu. Kijiji kukaa kuchagua njia hii ni sawa na kukaa kuchagua hali ya hewa.

Sasa tuchague ipi

Kama ningekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi ningechagua ya pili bila kufikiri mara mbili, bei ya skwea mita iliyotangazwa, na juu yake bei ya pili ya maji, iwe kwa bwawa la kuogelea na kwa chumba. Mjenzi mwenye nia njema ataipenda pia, maana atajua gharama yake kabla hajanunua eneo, hatoombwa tangi na huyu, madawati na yule, mifuko ya saruji ya msikiti na mwengine. Nimewahi kumsikia muekezaji mmoja akisema amechoka kuombwa, angependa alipe mara moja apewe risiti. Mie nikamwambia hata sisi tumechoka kuomba.

Tatizo, shehia, yaani eneo la sheha, haiwezi kutunga tozo. Sheria namba 7 ya 2014 inazitambua manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri, na sheha yeye yuko kwenye tawala za mikoa, hana daftari la kodi. Tukianza kutoza wenyewe tutaitwa tunachangisha kinyume na sheria na tutakuwa tunachangisha kinyume na sheria kweli. Hiyo njia ya pili ni safari ya kupitia halmashauri na diwani na mwakilishi, miaka miwili mitatu ukiwa na bahati. Apartimenti 40 zinaanza kuchimbwa kabla ya Ramadhani.

Kwa hiyo mie nasema tuchukue chombo cha njia ya kwanza, tutie chakula cha njia ya pili. Yaani ni makubaliano, yamesainiwa na halmashauri sio na sheha peke yake, lakini ndani yake hakuna orodha ya zawadi. Kuna bei ya skwea mita, kuna tarehe, kuna akaunti. Robo inalipwa kabla ya msingi, sio ya kukabidhiwa mtu. Robo nyengine ukuta ukifika linta. Iliyobaki kabla ya kuunganishwa maji, hapo ndo tuna nguvu maana bila maji haishi mtu. Na kuna mstari unaosema deni linabaki na eneo hata akiliuza mara kumi.

Kwa maji na maji taka tusichukue pesa kabisa, hapo tuandike kitu cha kupimika. Mita ya maji kwenye kisima chake na namba zisomwe kila mwezi na mtu wa kamati akiwepo. Mtambo wa kusafisha maji taka, sio karo. Hili la mazingira lina mlango wake tayari, mradi kama huu unafanyiwa tathmini ya athari za mazingira chini ya sheria ya 2015, ZEMA, mamlaka ya mazingira, ndo wanaosimamia, na wananchi wanatakiwa waulizwe. Tatizo letu wakija kuuliza tunasaini karatasi ya mahudhurio tunaondoka, halafu karatasi ya mahudhurio inaambatanishwa kama tumekubali. Safari hii tuseme, na tulichosema kiandikwe.

Kama kijiji chenu hali ni nyengine, mfano mko Pemba na mradi ni mmoja tu mkubwa na hakuna mwengine unaokuja, msihangaike na bei ya skwea mita, mbaneni huyo huyo ajenge na atunze, njia ya nne na maandishi ya maana. Tozo inafaa pale miradi inapokuja mingi na midogo midogo, villa nne hapa, gesti sita pale, hakuna hata mmoja anayeonekana mkubwa wa kubanwa lakini wote kwa pamoja wamekausha kisima. Paje na Jambiani ndo hivyo hasa, na Nungwi hivyo hivyo.

Wale wa barabara najua hamjaridhika. Barabara ya kutoka lami mpaka pwani itaharibiwa na malori ya kifusi ya mradi wenyewe, kwa hiyo kuirudisha ilivyokuwa sio mchango, ni wajibu wake, iandikwe pembeni isihesabiwe kwenye zile dola 48,000. Tuipige picha kabla hajaanza. Kila shimo. Mie simu yangu kamera imepasuka, mwenye simu nzima tufuatane Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, tuanzie pale kwenye tangi.